Umepunguzwa kazini na unataka shahada: mkopo wa Bodi, kiinua mgongo, SACCOS au kulipa kidogo kidogo?

Barua ya kupunguzwa kazi niliipokea nikiwa na miaka 38, baada ya miaka minane ya kutunza stoo kwenye kiwanda kimoja cha Dar es Salaam. Nilikuwa na stashahada ya ununuzi na ugavi, na kila tangazo la kazi nililolisoma baada ya hapo lilitaka shahada. Nikajiambia kwamba huu ndio wakati wa kusoma. Wengi wetu huingia chuoni kwa mlango huohuo: muda upo, fedha kidogo ipo mkononi, uchungu upo, na dirisha la udahili limefunguliwa.

Hapa nalinganisha njia za kulipia chuo ambazo mtu mzima wa Tanzania aliyepoteza kazi huwa nazo kweli. Sizipimi kwa wingi wa fedha. Nazipima kwa maswali matatu ambayo ningeyauliza mapema ningeokoa mwaka mzima: fedha hii inakuja lini, inanidai nini, na muhula mmoja ukiniendea vibaya itanifanya nini? Swali la tatu ndilo zito. Muhula mbaya kwa mtu mzima huja tu. Mtoto analazwa, mzazi anaugua kijijini, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Njia ya kulipia masomo isiyostahimili muhula mmoja mbaya haikufai, hata kama leo inaonekana rahisi.

Hesabu kwanza

Mtu akipunguzwa kazi huzungumzia "mafao yangu" kana kwamba ni fungu moja. Yapo mawili, na kila moja lina tabia yake. Kuna kinachotoka kwa mwajiri, na kuna kinachotoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii.

Kwa mwajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha kazini, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Chukua mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, siku yake moja ni kama shilingi 34,600. Siku saba ni 242,000 na ushee. Kwa miaka minane anapata takriban 1,940,000. Ongeza notisi ya mwezi mmoja kama amelipwa badala ya kuitumikia, na siku za likizo alizokuwa hajazichukua, anafika karibu milioni 3. Mkataba wake, au mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama cha wafanyakazi, unaweza kumpa zaidi, kwa hiyo ausome kabla hajaweka sahihi popote. Lakini kwa sheria peke yake, ndiyo hiyo. Nimekutana na watu waliojiandikisha chuo wakisubiri milioni kumi na tano ambazo hazikuwepo kwenye karatasi yoyote.

Na kama unaona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 tu za kufikisha mgogoro wako kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo huisha huku bado unapokea pole za majirani.

Kwa upande wa mfuko, NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF kwa watumishi wa umma, kuna fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia miezi 18 au zaidi, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mtu wetu ni kama shilingi 300,000 kwa mwezi, jumla 1,800,000.

Sasa weka ada upande wa pili. Katika vyuo vya umma, shahada nyingi za biashara na sanaa hutoza kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Tuseme 1,300,000. Miaka mitatu ni 3,900,000. Mtu anatazama milioni 3 za mwajiri, anaongeza 1,800,000 za mfuko, anapata 4,800,000, anashusha pumzi: zinatosha na chenji inabaki.

Hesabu hii ndiyo iliyonidanganya mimi. Nyumba ya watu watano inayokula, kulipa kodi na kupanda daladala kwa shilingi 400,000 kwa mwezi, tena kwa kujibana, inahitaji 14,400,000 kwa miezi 36. Ada ni milioni 3.9 na kuishi ni milioni 14.4. Kwa hiyo mtu mzima anapouliza "ada nitaitoa wapi", swali linalompasa ni nani atailisha nyumba kwa miaka mitatu akiwa darasani. Afadhali siku hizi watoto wanasoma shule za serikali bila ada, hadi kidato cha nne tangu 2016 na hadi kidato cha sita tangu 2022. Kwa wazazi wa rika langu hilo limetupa nafasi ya kupumua, ingawa sare, madaftari na nauli bado vipo.

Mkopo wa Bodi: bora kuliko yote, kwa asiyezidi miaka 35

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Kwa anayestahili, hakuna fedha nyingine nchini yenye masharti laini kama hii. Inalipa ada kwa kiwango ulichopangiwa na inakupa bumu, ile posho ya chakula na malazi ambayo siku hizi ni shilingi 10,000 kwa siku. Haikudai mpaka umalize. Ukishaajiriwa, inakatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi. Ukijiajiri, unarejesha asilimia 10 ya kipato chako au shilingi 100,000 kwa mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa inavimbisha deni la watu mwaka hadi mwaka, iliondolewa mwaka 2021.

Tatizo ni mlango wenyewe. Mwombaji asizidi miaka 35 siku anapoomba. Awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Awe amedahiliwa kusoma muda wote. Asiwe na ajira ya kumwingizia kipato. Sharti hilo la mwisho ndilo pekee ambalo barua ya kupunguzwa kazi inakusaidia kulitimiza! Mwenye miaka 31 aliyemaliza stashahada miaka tisa iliyopita anapita kwenye umri na kukwama kwenye miaka mitano. Mwenye 36 haingii kabisa.

Sioni sababu nzuri ya ukomo huu wa umri. Mtu wa miaka 38 akimaliza na 41 ana karibu miaka 20 ya kukatwa mshahara kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na 60. Na nchi hii hii, kwa Azimio la Musoma la Novemba 1974, iliwahi kuwataka vijana wakafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu, kwa kuamini kwamba mtu aliyeshika kazi anajua anachokifuata darasani. Vyumba vya mihadhara vya miaka ile vilikuwa na watu wenye watoto nyumbani. Leo mtu wa aina hiyohiyo Bodi haimwoni.

Je, muhula mbaya unafanya nini hapa? Ukifeli na kudisko, yaani kuondolewa chuoni, fedha inasimama na deni linabaki lilelile, bila cheti cha kukusaidia kulilipa. Hata hivyo, kama una miaka 33 na vigezo vingine unavyo, acha kusoma makala hii hapa, nenda kasome mwongozo wa mwaka huu wa Bodi. Kusubiri mwaka mmoja "nijipange" kunaweza kukugharimu mlango wenyewe.

Kiinua mgongo na fao la kukosa ajira: fedha mbili, kazi mbili

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiinua mgongo kinakuja mara moja. Hakikudai chochote, na kwa sababu hiyo kina hatari yake. Fedha isiyo na mwenyewe wa kuidai kila mtu anaiona ni yake. Mwezi wa kwanza nilinunua kompyuta mpakato, nikalipa ada ya mwaka mzima kwenye chuo kimoja cha binafsi cha masomo ya jioni kwa sababu waliahidi punguzo dogo kwa anayelipa yote, nikamlipia mdogo wangu deni. Mwezi wa tano nikapata kibarua nje ya Dar, kinachohitaji nilale huko wiki mbili kwa mwezi. Nikakosa vipindi, nikakosa majaribio, sikuruhusiwa kufanya mitihani. Niliandika barua nikiomba ada ya muhula wa pili isogezwe mwaka unaofuata. Jibu lilikuwa kwamba ada ikishalipwa hairudishwi wala haihamishwi. Ilikuwa imeandikwa kwenye fomu niliyoisaini, mstari mdogo wa chini.

Fao la kukosa ajira lina tabia tofauti. Linakuja mwezi kwa mwezi, kwa miezi sita, kisha linakoma. Ni dogo, lakini lina nidhamu ambayo wewe mwenyewe huna wakati huo, maana huwezi kulitumia lote kwa siku moja. Watu wengi hawaliombi. Wanaona laki tatu ni ndogo kuliko usumbufu wa kufuatilia fomu kwa mwajiri aliyewaachisha. Wengine wanadhani bado kuna kujitoa kama zamani, wakasubiri wapewe michango yote. Sheria ilibadilika mwaka 2018. Michango yako inabaki kwenye mfuko, na fao hili ndilo lililowekwa badala ya kujitoa.

Ningefanya upya, ningezipa fedha hizi kazi tofauti. Fao la kukosa ajira lingekuwa ugali: miezi sita ya unga, kodi na nauli, huku nikitafuta cha kufanya. Kiinua mgongo kingekaa benki kwenye akaunti isiyo na kadi, na kingetoka kwa somo moja moja au muhula mmoja mmoja, kamwe si mwaka mzima. Punguzo la anayelipa yote ni zuri kwa mwenye mshahara. Kwa asiye na mshahara, kile anachookoa kwa punguzo hakifikii kile anachopoteza ratiba ikivunjika.

Kuhusu ile michango yenyewe, kila wiki utasikia mtu akishauri utafute namna ya kuitoa ulipie chuo. Angalia kitu kimoja kwanza. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya angalau miezi 180. Mtu wa miaka minane kazini ana miezi 96, zaidi ya nusu ya safari. Akipata ajira nyingine anaendelea palepale, na akijiajiri anaweza kuchangia mwenyewe. Shahada inaweza kukupandisha mshahara. Haikurudishii miezi hiyo 96. Mimi yangu sikuigusa, na ni katika maamuzi machache ya mwaka ule ninayoyashukuru.

Mkopo wa SACCOS, VICOBA, benki, na ile mingine

Benki nitaipita haraka. Mikopo yake ya watu binafsi imejengwa juu ya mshahara unaopita kwenye akaunti, na wewe mshahara huna. Kilichobaki ni mkopo wa kuweka hati ya nyumba au kiwanja. Usiweke nyumba ya watoto dhamana kwa ajili ya shahada. Ukiwa na mkopo wa zamani wa mshahara, nenda benki wiki ileile uliyopunguzwa kazi, uulize kama bima ya mkopo inagusa kupoteza ajira au inaishia kwenye kifo na ulemavu, na uombe marejesho yapangwe upya kabla hawajachukua mafao yako yote yakipita kwenye akaunti.

SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ni habari nyingine, kama ulikuwa mwanachama kabla. Kwa kawaida unakopa hadi mara tatu ya akiba yako, kwa wadhamini ambao ni wanachama wenzako. Riba yake ni ya kubebeka, na kamati inakujua kwa jina. Lakini SACCOS nyingi za kazini hukata kwenye mshahara, na ukishatoka kazini uanachama wako unaingia kwenye utata. Uliza mapema kama unaweza kubaki kwa kulipa taslimu. Mara nyingine akiba yenyewe, ukiitoa na kufuta deni, ni ada ya mwaka bila mkopo wowote.

VICOBA ni vya mtaani, na wengi waliovizoea zaidi ni akina mama. Mnanunua hisa kila wiki, mnakopeshana, mwisho wa mwaka mnavunja kapu na kugawana. Mkopo wa VICOBA huja haraka na unarejeshwa kwa miezi michache. Kwa hiyo unafaa kwa mtu mwenye biashara inayozunguka kila siku, na haufai kabisa kumsubiri mwenye shahada apate kazi baada ya miaka mitatu. Ila ule mgao wa mwisho wa mwaka ni jambo zuri mno kwa mwanafunzi. Binamu yangu wa Tegeta amesomea ualimu kwa mgao: hisa zake za mwaka mzima huvunjwa Desemba, na Januari zinalipa masomo. Hakukopa hata mara moja.

Halmashauri nazo zina mikopo isiyo na riba kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mikopo ya vikundi kwa ajili ya miradi. Usiichukue kwa jina la mradi ukalipia ada, kwa sababu wenzako watano watalipa deni lako. Mradi ukisimama kweli, faida yake ni yako na hapo lipia masomo unavyotaka.

Halafu kuna kausha damu. Unajua ninachokisema: unaacha kadi ya benki na kitambulisho, unakopa laki tano, mwezi unaofuata unarudisha laki sita na nusu, usipoweza wanahesabu riba juu ya riba. Ndugu zake wa karibu ni programu za simu zinazokopesha kwa dakika tano, kisha zinawatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu yako ukichelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikifanya kazi hiyo bila leseni. Mtu asiye na mshahara akilipia ada kwa fedha hii hafiki mtihani wa kwanza. Afadhali akose muhula.

Chuo cha muda wote, masomo ya jioni, au Huria

Nimeweka vyuo kwenye ulinganisho wa fedha kwa makusudi. Kwa mtu mzima, aina ya masomo ni uamuzi wa fedha kuliko hata ada yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoamua kama zile milioni 14.4 za kuishi zitatafutwa na nani.

Chuo cha muda wote kinakutaka kuanzia asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Unamaliza haraka, unapata walimu uso kwa uso, na unakaa na vijana wa miaka 21 ambao wana nguvu na wana taarifa. Kina maana kama una mkopo wa Bodi, au kama mwenza wako ana kipato kinachobeba nyumba peke yake na mmekubaliana hivyo kwa sauti, siyo kwa kudhania. Bila kimoja kati ya hivyo viwili, kiinua mgongo kitaisha mwaka wa pili katikati, mahali pabaya kuliko pote: umeshatumia kila kitu na huna cheti.

Masomo ya jioni, kama yale ambayo Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) wamekuwa nayo mjini Dar, yanakuachia mchana. Yanafaa kwa aliye mjini na mwenye shughuli isiyomsafirisha. Udhaifu wake niliuonja: mahudhurio yanahesabiwa na ada inadaiwa kwa muhula, uwe umehudhuria au hukuhudhuria. Hesabu pia nauli ya kurudi Mbagala au Chanika saa tatu usiku.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, na kina vituo mikoani kote. Malipo yake yanafuata masomo unayoyachukua. Muhula huu ukiwa na fedha ya masomo mawili unachukua mawili, ukiwa na ya manne unachukua manne. Sasa rudi kwenye swali la tatu, la muhula mbaya. Kwenye chuo cha muda wote muhula mbaya unakula ada na pengine unakudisko. Huria unachelewa tu. Ulichokwisha kufaulu kinabaki chako, na unaendelea pale ulipoishia.

Bei yake ni upweke. Hakuna mhadhiri wa kukusukuma, hakuna jirani wa bwenini wa kukuuliza umefanya zoezi la tatu. Nimewaona watu wakijiandikisha kwa shangwe na kufifia mwaka wa pili bila hata kufeli. Wanaomaliza, kwa nilivyoona kwenye kituo chetu, ni wale wenye kikundi. Sisi tulikuwa wanne: polisi, mama wa duka la dawa, mwalimu wa msingi na mimi. Jumamosi saa mbili asubuhi kila wiki, hata mvua ikinyesha. Ukichagua Huria, tafuta watu hao kabla hujalipa somo la kwanza.

Kuhusu kuingia, mwenye stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi anaomba shahada moja kwa moja. Aliyepungukiwa ana programu ya msingi ya Huria, na akiimaliza kwa GPA ya 3.0 mlango unafunguka. Kuna pia njia ya kutambuliwa elimu na ujuzi ulioupata kazini, inayosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kupitia vyuo vichache. Unaandaa jalada la ushahidi wa kazi zako na kufanya mtihani. Kwa njia hiyo mwombe mwajiri cheti cha utumishi sasa hivi. Ni haki yako kisheria unapoachishwa, na baada ya miaka miwili ofisi huwa imehama, meneja ameondoka, na hakuna anayekukumbuka.

Kabla ya yote hayo, jiulize kama ni shahada kweli unayoihitaji. Kwa mhasibu kuna mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, na kwa watu wa ununuzi kama mimi kuna ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Unalipia kwa mtihani, unasoma nyumbani, na kwenye baadhi ya matangazo ya kazi hiyo ndiyo inayokuvusha.

Michango ya ndugu

Ndugu wanachangia harusi na msiba kwa moyo mmoja. Ada ya mtu wa miaka 40 wanaichangia mara moja, muhula wa kwanza, tena wakijua wao hawakusoma. Usiijengee mpango. Waombe kitu kidogo na cha wazi: dada abaki na watoto wiki mbili za mitihani, kaka akupe chumba ukija mjini. Hayo watu huyatoa mwaka hadi mwaka bila kuchoka.

Ningemshauri nani nini

Mwenye miaka isiyozidi 35, stashahada au kidato cha sita cha karibuni, na asiye na mzigo mkubwa nyumbani: Bodi, chuo cha umma, muda wote. Kiinua mgongo chake akiweke kwa ajili ya kompyuta, mafunzo kwa vitendo na ile miezi ambayo bumu linachelewa.

Mwenye miaka 36 hadi 50, ana watoto na anapanga nyumba: Huria, kwa masomo machache machache. Fao la kukosa ajira lote kwenye chakula. Theluthi moja ya kiinua mgongo kwenye shughuli ndogo inayoingiza kila siku, theluthi nyingine kwenye masomo ya mwaka mmoja na nusu wa mwanzo, na iliyobaki haiguswi. Kuanzia mwaka wa pili shughuli ndiyo ilipe masomo. Ikishindwa, punguza masomo na uendelee kulisha nyumba.

Mwenye mwenza mwenye mshahara wa kutosha: masomo ya jioni au ya muda wote yote yanawezekana, na hapo tofauti ni kasi tu. Kaeni na karatasi muandike nani analipa nini, miezi yote 36.

Mwenye miaka 52 ningemwuliza kwanza anataka shahada ili iweje. Kama ni ajira mpya, muda wa kuirudisha fedha hiyo ni mfupi, na mitihani ya bodi ya taaluma yake au mtaji wa biashara vitamlipa haraka zaidi. Kama ni kiu aliyoibeba tangu alipokosa nafasi akiwa kijana, basi asome, somo moja kwa muhula, kwa fedha ambayo nyumba haiihitaji.

Mimi nilirudi Huria nikiwa na miaka 40, bila kiinua mgongo, nikiuza unga wa dona na mchele pale Kimara. Faida ya kiroba cha kilo 25 naijua kwa shilingi, na najua viroba vingapi vinalipa somo moja. Yamebaki masomo mawili. La kwanza nimeshalilipia.